Castiglioni: Mtu Aliyekiingiza Kiti cha Trekta Sebuleni

Msafiri atokaye mji wa Wajir akashika njia ya kuelekea magharibi hufika Griftu, nchi ya ngamia, mbuzi na miti ya miba, ambako maji ni mali na duka kubwa liko mbali. Akiwa na macho ya kutazama, msafiri huyo hatakawia kuona kwamba katika nchi zile kitu hakitupwi ovyo. Debe la mafuta ya kupikia likishakwisha mafuta hukatwa, likanyooshwa kwa nyundo, likawa kipande cha mlango. Gurudumu la lori lililochakaa huwa ndara za mchungaji, au ndoo ya kutekea maji kisimani. Ekseli ya gari lililokufa hufungwa mbao, ikawa mkokoteni wa punda. Na kikopo kilichokuwa na maziwa hutobolewa kifuniko, kikatiwa utambi na mafuta ya taa, kikawa koroboi.

Sisi watu wa pwani tunaijua sana koroboi. Wengi katika wazee wetu walijifunza kusoma chuoni mbele ya mwanga wake, na asubuhi wakaamka na masizi puani. Lakini tukiulizana ni nani aliyeitengeneza koroboi ya kwanza, ni nani aliyekitazama kikopo kitupu akaona ndani yake taa, hapana mmoja wetu awezaye kujibu. Fundi yule amekufa na jina lake limekufa naye. Labda hata alipokuwa hai, watu walimwita fundi wa makopo na kumcheka.

Leo, msomaji, nataka kukusimulia habari za mtu mwingine wa kazi ileile, ambaye yeye jina lake halikupotea. Aliishi mbali na Griftu na mbali na Mombasa. Alitwaa kiti cha trekta akakifanya kigoda cha nyumbani, akatwaa taa ya mbele ya motokaa akaifanya taa ya sebuleni, na watu wa dunia nzima wakamheshimu. Jina lake ni Achille Castiglioni, Mwitalia wa mji wa Milano, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2002.

Italia si nchi ngeni kwa watu wa upande ule. Jamaa zetu wa Barawa na Kismayu waliishi miaka mingi chini ya bendera yake, na mpaka leo tambi, ambazo Wasomali huziita baasto, hupikwa Wajir kama zipikwavyo Mogadishu. Lakini mji wa Wajir wenyewe uliwajua Waitalia kwa njia ya shari. Mwezi Juni 1940, siku chache tu baada ya Italia kuingia katika Vita Vikuu vya Pili, ndege zake zilikuja zikaudondoshea Wajir mabomu. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1943, zamu ikageuka. Ndege za Waingereza zilikwenda Milano usiku baada ya usiku, zikaiteketeza mitaa mizima. Katika mji huo uliobomoka ndimo alimoanzia kazi mtu wetu.

MTOTO WA MCHONGA SANAMU

Achille alizaliwa tarehe 16 Februari 1918, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya wana watatu wa kiume. Baba yao, Giannino Castiglioni, alikuwa mchonga sanamu na mtengenezaji wa nishani mwenye sifa katika mji ule. Kwa hiyo watoto walikulia katika karakana, miongoni mwa udongo, plasta na shaba, wakimwona baba yao akifanya kazi kwa mikono yake. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, nao wote watatu walisomea usanifu wa majengo. Mkubwa alikuwa Livio, aliyezaliwa mwaka 1911. Wa pili alikuwa Pier Giacomo, wa mwaka 1913.

Kabla Achille hajamaliza masomo, kaka zake walikwisha kuonyesha njia. Pamoja na mwenzao Luigi Caccia Dominioni walibuni redio ya kampuni ya Phonola. Siku hizo redio ilikuwa sanduku kubwa la mbao, lililofanywa lifanane na kabati ili lisiione aibu kuwamo sebuleni. Vijana hao waliifanya redio ionekane redio. Waliifinyanga kwa bakelaiti, ikawa ndogo, nyepesi na isiyojisingizia kuwa kitu kingine. Fikira hiyo ya kukiacha kitu kionekane kilivyo, Achille aliishika maisha yake yote.

Alipata shahada yake katika Chuo cha Ufundi cha Milano mwaka 1944, wakati vita havijakwisha. Tafakari, msomaji, hali ya kijana aliyejifunza kujenga majumba akatoka chuoni na kukuta majumba yenyewe ni vifusi, na wa kumlipa ajenge mengine hayupo. Ndugu hao hawakukaa wakangojea. Walifanya kazi iliyopatikana, ambayo ilikuwa kupanga mabanda ya maonyesho ya biashara, kupamba vyumba kwa siku chache, na kubuni vyombo vidogo vya nyumbani. Mwaka 1952 Livio alitoka katika ofisi akafuata njia yake mwenyewe. Wakabaki wawili, Pier Giacomo na Achille.

Hao wawili walifanya kazi kwa namna ambayo ni adimu kuiona hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja alisema, mwingine akapinga, wa kwanza akachora, wa pili akafuta, mpaka mwisho wake hapana aliyeweza kusema hiki ni changu na hiki ni chako. Kila kilichotoka kilitoka kwa majina yao yote mawili.

Taa zao za kwanza zilionyesha tabia yao. Mwaka 1951 walitwaa mrija mdogo wa umeme, wa namna iliyokuwa mpya kutoka Marekani, wakautengenezea taa ya mezani iitwayo Tubino, ambayo haikuwa na kitu ila mrija wenyewe, bomba jembamba la kuushika na kipande cha bati cha kuukinga. Miaka mitatu baadaye wakatoa Luminator, taa ya kusimama chini. Nayo ilikuwa bomba moja tu, upana wake ni ule uliotosha kushika kichwa cha globu, juu ya miguu mitatu myembamba. Mwanga wake hupanda darini ukarudi chini umepoa, usimchome mtu macho.

KIGODA CHA MKULIMA

Mwaka 1957 palikuwa na maonyesho katika jumba la Villa Olmo, mjini Como, kando ya ziwa. Maonyesho yale yalihusu nyumba ya siku hizo na namna ya kuipamba. Ndugu wawili wakapewa chumba wakipange wapendavyo. Watu walioingia walitazamia makochi na makabati ya fahari. Walichokiona ni vitu vilivyotoka huku na huku, vipya kwa vya zamani, na miongoni mwao vigoda viwili vya ajabu.

Cha kwanza kilikuwa kiti cha trekta. Si mfano wa kiti cha trekta, la hasha, bali kile kile cha bati lililofinywa kwa umbo la makalio, chenye matundu ya kupitisha hewa na maji ya mvua. Kilishikwa na upapi wa chuma uliopindwa, ule ule ambao kwenye trekta humfanya dereva aruke kidogo gari lipitapo penye mashimo. Wao waliugeuza upande wa pili. Kuukaza walitumia nati yenye masikio, kama ile ya gurudumu la baiskeli, ambayo mtu huifungua kwa vidole bila spana. Na chini, ili kigoda kisianguke, waliweka kipande kimoja cha mti kilichokingama. Vipande vilikuwa vinne tu, na hapana hata kimoja kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya sebule.

Wakakiita Mezzadro. Jina hilo lina mwiba ndani yake, na sisi wa pwani tutauhisi upesi kuliko wengine. Mezzadro kwa Kiitalia ni mkulima asiye na ardhi, alimaye shamba la bwana mwenye mali na kugawana naye mavuno. Nani katika Malindi, Kilifi au Kwale asiyejua habari za mtu akaaye juu ya ardhi ya mwingine, akipanda na kupalilia asichokimiliki? Kule Italia mtindo huo ulidumu kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1964 sheria ilipokataza mikataba mipya ya namna hiyo. Basi ndugu hao walimtwaa mkulima yule, ambaye maisha yake yote alipita mlango wa nyuma, wakamkaribisha sebuleni kwa bwana mkubwa kwa njia ya kiti chake.

Kigoda cha pili waliita Sella. Hicho kilikuwa kiti cha ngozi cha baiskeli ya mashindano, juu ya mti wa chuma, na chini yake tako zito la mviringo kama nusu ya mpira. Mti wake ulipakwa rangi ya waridi, kama fulana avaayo mshindani anayeongoza katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia. Aliyekikalia alikuwa akiyumba nacho. Walikikusudia kwa mtu anayezungumza kwa simu, zile simu za zamani zilizofungwa ukutani. Mtu wa namna hiyo hataki kukaa kitako, wala hataki kusimama moja kwa moja. Hutaka kujiegemeza kidogo huku akitikisatikisa mguu. Haja hiyo ndogo kila mtu alikuwa nayo, na hapana aliyekuwa ameifikiria.

Wako waliostaajabu na wako waliodhani ni mzaha. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla kiwanda cha Zanotta hakijaanza kukitengeneza kile kigoda cha trekta kwa kuuza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na kile cha baiskeli kilingoja mpaka mwaka 1983. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu 1957. Subira yavuta heri, lakini subira ya miaka 26 ni ya watu wachache.

Hapana budi niseme kweli hapa, ili msomaji asidanganyike. Castiglioni hakuwa mtu wa kupekua majaa. Vipande alivyovitumia havikuwa vyote vimetupwa, na vigoda hivyo vilipoanza kufanywa viwandani, viti vyake vilifinywa upya kwa bati jipya. Wala hakuwa wa kwanza kuchukua kitu cha kawaida akakipa makao mapya. Mwaka 1913 Mfaransa Marcel Duchamp alikuwa ameweka gurudumu la baiskeli juu ya kigoda. Lakini lile gurudumu lilikuwa la kutazamwa tu, na kigoda chake hakikukalika tena. Castiglioni alitaka kitu kifanye kazi. Kama mtu hawezi kukikalia, au hawezi kusoma gazeti kwa mwanga wake, kazi ilikuwa bado.

TAA YA GARI NA MWANZI WA KUVULIA

Mwaka 1962 ulikuwa mwaka wa baraka kwa ndugu hao. Mwaka huo ndipo kampuni ya taa ya Flos ilipoanzishwa katika mji wa Merano, kaskazini ya Italia, nao wakaipa taa tatu ambazo zimeendelea kutengenezwa hata baada ya wao wenyewe kuondoka duniani.

Ya kwanza nitakayoitaja ni Toio. Walitwaa taa ya mbele ya motokaa, ya namna iliyouzwa Marekani, iliyozibwa kioo chake na kila kilichomo ndani. Wakaiweka juu ya ufito wa madini, ikitazama darini. Sasa taa ya gari haiwezi kupewa umeme wa nyumbani vivi hivi, itaungua. Inahitaji transfoma ya kuupunguza nguvu, na transfoma ni chuma kizito. Fundi mwingine angeificha ndani ya sanduku zuri. Wao waliiweka chini kabisa, wazi, na uzito wake ukawa ndio nanga ya kuizuia taa isianguke. Ukabaki waya mrefu uliokuwa ukining'inia. Waliushika kwa pete ndogo zilezile ambazo mvuvi wa mshipi huzifunga katika mwanzi wake ili uzi upite.

Tazama, msomaji, jinsi kila kipande kilivyoitwa kufanya kazi ambayo tayari kilikuwa kikiijua. Taa ya gari inajua kutupa mwanga mbali, transfoma inajua kuwa nzito, pete ya mwanzi inajua kuongoza uzi. Ndugu hao hawakukilazimisha hata kimoja kijifunze kazi ngeni. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kazi yao yote. Anayekiona kitu kilichotupwa kuwa ni chuma tu au bati tu, atapata chuma na bati. Lakini kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono au kwa mashine kina fikira za mtu ndani yake. Mtu fulani alikaa akapima makalio ya dereva, akapinda bati, akalijaribu, akalipinda tena. Trekta likifa, fikira zile hazifi. Zimelala mle ndani ya kiti zikingoja atakayeziamsha.

MARIMARI NA MPINI WA UFAGIO

Taa ya pili ya mwaka ule ni Arco, na hiyo ndiyo iliyowapa umaarufu mkubwa. Ilianza kwa swali dogo. Taa ya kuning'inia juu ya meza ya chakula hutaka kutobolewa dari, na meza ikihamishwa taa hubaki pale pale ikimulika sakafu. Je, taa ya juu haiwezi kutoka chini? Ndugu hao wakaikumbuka taa ya barabarani, ambayo nguzo yake iko kando na kichwa chake kimeinama katikati ya njia. Wakafanya upinde wa chuma kisichopata kutu, unaoweza kurefushwa na kufupishwa, ukitokeza kiasi cha mita mbili kutoka tako lake, ili watu wakae mezani na anayeandaa chakula aweze kuwazunguka na sinia lake bila kugonga kitu.

Upinde kama huo unahitaji tako zito. Wakachagua marimari ya Carrara, kwa sababu kwa uzito ule ule hupatikana kwa umbo dogo kuliko vitu vingine. Jiwe lile lina kilo 65 hivi. Pembe zake zilikatwa mviringo kidogo ili mtu asijiumize mguu. Na katikati lilitobolewa tundu, ambalo wengi walidhani ni pambo. Si pambo. Ni la kupitishia mpini wa ufagio, watu wawili wakashika huku na huku, wakaihamisha taa. Katika nyumba ya tajiri, mbele ya marimari na chuma king'aacho, mtu huyu alikuwa amemfikiria mtumishi atakayekuja kufagia.

Ya tatu ni Taccia, taa ya mezani iliyo kama nguzo ya hekalu la zamani yenye bakuli kubwa juu yake. Jaribio lake la kwanza lilivunja moyo. Bakuli lilifanywa kwa plastiki, na taa ilipowashwa kwa muda joto likaliyeyusha. Hawakuitupa fikira kwa sababu bakuli limeharibika. Wakaiweka kando, wakalifanya bakuli kwa kioo, taa ikasimama.

Mwaka 1968 Pier Giacomo akafariki, umri wake miaka 55. Achille akabaki peke yake mbele ya meza waliyokuwa wakikaa wawili. Ndugu wa kubishana naye hayupo tena, na kwa mtu aliyezoea kupata fikira zake kwa kubishana, kimya cha chumba ni msiba wa kila siku. Wengi wangeacha kazi. Yeye aliendelea miaka mingine 34.

Kazi aliyoifanya baada ya msiba huo inaonyesha moyo wake. Kijana mmoja aliyeitwa Pio Manzù alikuwa na wazo la taa inayopanda na kushuka juu ya mti uliosimama kutoka sakafuni hadi darini. Mwaka 1969 kijana huyo akafa katika ajali ya gari, wazo lake likabaki karatasini. Castiglioni alilichukua, akaweka kamba ya chuma mahali pa mti, kamba iliyovutwa na uzito ulio chini yake, na juu ya kamba akapitisha bomba lililopindwa mfano wa alama ya mabano. Kupindwa kule kunatosha kuishika taa mahali popote ilipoachwa, bila skrubu wala nati. Ukiisukuma kwa mkono hupanda, ukiiachia hukaa. Taa hiyo, iitwayo Parentesi, ilitolewa mwaka 1971, na mwaka 1979 ikapata tuzo ya Compasso d'Oro, ambayo ndiyo kubwa katika kazi hizo nchini Italia. Na jina la Manzù, aliyekwisha kufa, limeandikwa pamoja na jina lake mpaka leo. Angeweza kulinyamazia na hakuna ambaye angemshitaki.

MKOBA WA MWALIMU

Tangu mwaka 1969 alikuwa mwalimu, kwanza katika mji wa Torino, kisha kwao Milano. Wanafunzi wake hawakumsahau. Aliingia darasani na mkoba uliojaa vitu alivyookota, alivyonunua sokoni au alivyoletewa na marafiki. Vilikuwamo miwani, mikasi, vichezeo vya watoto na zana za mafundi. Alivitoa kimoja kimoja juu ya meza, akacheza navyo kama mtoto, akawataka vijana waeleze kwa nini kila kimoja kina umbo lile. Sehemu kubwa ya vitu hivyo haikuwa na jina la aliyevibuni. Vilikuwa ni kazi ya watu wa namna ya yule fundi wetu wa koroboi.

Ofisi yake katika Piazza Castello ilijaa vitu hivyo makabatini na ukutani. Haikuwa ghala la kumbukumbu tu. Ilikuwa ndiyo maktaba yake. Baada ya kufa kwake ilifunguliwa ili wageni waone mahali alipofanyia kazi, na wengi walioingia walishangaa kwamba mwenye sifa kubwa kama yeye aliishi katikati ya vikorokoro.

Na katika kazi zake zote, kimoja alichojivunia sana ni kitu ambacho hapana aliyekiita kazi ya sanaa. Ni ile swichi ndogo inayokaa katikati ya waya wa taa ya mezani, ambayo yeye na Pier Giacomo waliibuni kwa kampuni ya VLM mwaka 1968. Imefanywa mviringo ili mkono uipapase gizani bila kuumia, na ina mlio mdogo wa kumwambia mtu kwamba imekubali. Iliuzwa kwa mamilioni. Watu waliinunua kwa sababu ni nzuri na bei yake ndogo, bila kujua ni ya nani, na hilo ndilo lililomfurahisha. Mwaka 1997 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho ya kazi zake, lakini furaha yake ilikuwa kwa ile swichi iliyomo katika nyumba za watu wasiomjua. Alifariki Milano tarehe 2 Desemba 2002, akiwa na umri wa miaka 84.

TURUDI GRIFTU

Huenda msomaji akaniuliza: kama ni hivyo, mbona mmoja alipata tuzo na mwingine anaitwa fundi wa makopo? Si kwa sababu mikono ya mmoja ina akili kuliko ya mwingine. Debe linalogeuzwa mlango na taa ya gari inayogeuzwa ya sebuleni ni ndugu baba mmoja. Tofauti ni kwamba Castiglioni alikuwa na chuo kilichomfunza kueleza sababu ya kila alichofanya, alikuwa na kiwanda kilichokuwa tayari kujaribu, na alikuwa na mji ulioyaandika majina ya mafundi wake. Tofauti nyingine lazima itajwe pia. Yeye alichagua kiti cha trekta akiwa na uwezo wa kuchagua kingine. Mwenye koroboi hakuwa na la kuchagua, na moshi wake huingia vifuani mwa watoto. Hatuwezi kuusifu uhitaji. Umeme na taa za jua zikifika kila manyata, hakuna atakayelilia masizi.

Lakini kuna jambo tunaloweza kulifanya bila kungoja kiwanda. Dini yetu imetukataza israfu, nasi tumezoea kuifikiria israfu ya chakula na ya maji. Ni mara ngapi tunafikiria israfu ya fikira? Kijana anayekaa chini ya mti akipinda mabati kwa nyundo, aghalabu wazazi wake humwonea haya, wakamwambia atafute kazi ya maana. Akiacha, haendi na nyundo peke yake. Huenda na ujuzi wa pahali pa kukata, pahali pa kutia lihamu, na kipimo cha utambi usiotoa moshi mwingi, mambo ambayo walimfunza waliomtangulia na hayakuandikwa popote. Ujuzi huo ukishatupwa hauokoteki.

Mtu aliyejaliwa elimu na sifa alitumia maisha yake kuwapa heshima mafundi wasio na majina, akavichukua vyombo vyao darasani kama mwalimu mwingine achukuavyo vitabu. Nasi mafundi wetu tunao, wako Griftu na wako Mombasa, wako hai, na majina yao yanajulikana mitaani kwao. Tukipita mbele ya mmoja wao kesho, si vibaya tukasimama, tukatoa salamu, tukamwuliza jinsi alivyokifanya kile alichonacho mkononi.